Faini ya dereva wa bajaji ya nne

Kikundi chetu kimemtoza dereva wa bajaji ya nne faini ya shilingi 50,000. Kosa lililoandikwa kwenye daftari ni "kuacha msafara". Mimi ndiye katibu, na maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Tangu siku ile hayajaniacha nilale vizuri. Kila kijiwe ninachopita nasikia kisa hiki kinasimuliwa kuanzia katikati: kijana alipotea, dada mmoja akaumia mkono, watu wakashinda na kiu porini. Yote hayo ni kweli. Ila kisa kilianza mapema zaidi, saa 12 asubuhi, pale kijiweni, kijana akiwa bado anafuta kioo cha bajaji yake.

Sisi ni madereva wa bajaji na guta, yaani vyombo vya mizigo vya magurudumu matatu, wa Tabora mjini, na tuna mfuko wa kuweka akiba. Mwaka ule tulisema tusimalizie pesa ya sherehe kwenye pilau la ukumbini, twende matembezi. Mwenzetu mmoja ana babu yake anayefuga nyuki msituni upande wa mashariki, kusini mwa lami iendayo Itigi. Tukachagua Jumapili moja ya Oktoba. Twende asubuhi, tule kwa babu, tuone mizinga, tununue asali, na magharibi itukute mjini. Vyombo vilikuwa saba, bajaji tano na guta mbili za injini. Watu 20.

Aliye mbali atashangaa nikisema siku ile tulisafiri jangwani. Tabora si jangwa. Tunapata mvua ya kama milimita 900 kwa mwaka, na miyombo imefunika nchi. Lakini mvua hiyo karibu yote inashuka kati ya Novemba na Aprili, na sehemu kubwa ya udongo wetu ni kichanga, ule ambao jirani zetu Wasukuma wanauita luseni. Ikifika Oktoba ardhi imekaa miezi mitano bila mvua ya maana. Makorongo yamebaki mchanga mtupu. Miyombo imeanza kutoa majani machanga mekundu, mazuri kuyatazama, ila kivuli chake hakimfichi hata mbuzi. Kwa mwezi huo mmoja, mtu mwenye magurudumu madogo anaiona nchi hii kuwa jangwa.

Magurudumu ya bajaji ni madogo, rimu ya inchi 8. Halafu yako matatu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wetu tunaendesha kila siku bila kulifikiria jambo hili. Barabara ya porini inachimbwa na magari ya magurudumu manne. Inaacha mifereji miwili, na katikati tuta la mchanga laini lenye nyasi. Mwenye pikipiki anachagua mfereji mmoja, anapita. Mwenye gari anaingiza magurudumu yake mifereji yote miwili, anapita. Bajaji haina pa kupita. Ukiweka magurudumu ya nyuma kwenye mifereji, la mbele linapanda juu ya tuta na kulima kama jembe. Na hata hayo ya nyuma hayakai sawa, kwa kuwa bajaji nzima ina upana wa kama mita 1.3, na magari yaliyochimba ile mifereji yana upana zaidi. Kwa hiyo muda wote kuna gurudumu moja au mawili yanayofungua mchanga ambao haujakanyagwa. Ongeza kwamba injini iko nyuma. Uzito uko nyuma, mbele ni kwepesi, na mchangani unakata usukani kushoto chombo kikienda moja kwa moja. Gurudumu moja la nyuma likianza kuzunguka bure, nguvu yote inakwenda kwake, mwenzake anasimama. Dereva wa mjini akiona hivyo anaongeza mafuta zaidi. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kukizika chombo hadi tumboni.

Sasa turudi kijiweni saa 12. Mpangilio wa msafara niliutoa mimi. Niliwaweka mbele madereva watatu wenye kasi, kama tunavyofanya tukisindikiza bibi harusi mjini: wepesi wanafungua njia, wazito wanafuata. Nyuma ya hao bajaji ya nne na ya tano. Kisha guta la chakula, mkaa na masufuria. Mwisho kabisa guta la maji, madumu matano ya lita 20, na mimi nikakaa pembeni ya dereva wake. Nilipiga hesabu nikaridhika: lita 100 kwa watu 20, kila mtu lita tano. Kila bajaji ilibeba dereva na abiria wawili, isipokuwa ya nne. Abiria mmoja alichelewa, bajaji ya kwanza ilikuwa imeshawasha moto, na mwenye bajaji hiyo akasema, "Mpakie kwa dogo." Dogo, kwa kuwa ni dogo, hakubisha. Wakawa wanne.

Kuhusu njia, mwenyeji wetu hakuweza kuja, alibaki na mgonjwa. Alimpigia simu dereva wa kwanza akamweleza: mkiacha lami mtapita hivi na hivi, kuna njia panda penye kisiki cha mninga, hapo mshike kulia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka alipokuwa akiongea. Sikuuliza ameambiwa nini.

Saa 12:30 tukaondoka. Kwenye lami safari ilikuwa tamu, nyimbo na honi. Saa 2:20 tukaiacha lami, na pale kona palikuwa na mama anayeuza viazi vya kuchemsha. Tukamwamkia, "Mwangaluka, mama." Akaitikia, akatazama vyombo vyetu kimoja kimoja, akasema, "Wanangu, mchanga wa huko umekauka. Siku hizi hata baiskeli tunazisukuma." Tulinunua viazi vyake tukamshukuru. Ushauri wake tuliuacha palepale kwenye sinia.

Kama saa tatu mchanga ukaanza. Kitu cha kwanza kilichotutenganisha kilikuwa vumbi. Asubuhi hewa ilikuwa imetulia, vumbi la chombo cha mbele linaning'inia dakika nzima kabla ya kutua. Ukimfuata mwenzako kwa karibu huoni kitu, kwa hiyo unapunguza mwendo ili vumbi litue. Wa nyuma yako anafanya vilevile, na wa nyuma yake. Kwa vyombo saba nafasi hizo zinajumlishwa, na mkia unajikuta uko mbali sana na kichwa bila mtu yeyote kufanya kosa. Walio mbele hawana vumbi. Kwao njia ni safi, wanaona wako sawa, wanakwenda. Wakigeuka wanaona wingu jeupe na wanaamini tumo ndani yake.

Kisha mbung'o. Huvutiwa na kitu kikubwa chenye rangi nzito kinachotembea, na bajaji ya bluu inayotambaa mchangani ni karamu kwao. Abiria wakashusha maturubai ya pembeni. Ndani kukawa tanuri. Kile kidogo cha maji walichokuwa nacho kwenye chupa za mkononi kilikwisha mapema, kabla hata ya shida kuanza. Hili naliandika kwa kuwa kwenye kikao kilichomtoza kijana faini kuna aliyesema, "Walikunywa maji ovyo." Aliyesema hivyo alikuwa bajaji ya kwanza, mbele ya vumbi, turubai limefunguliwa.

Guta la chakula likazama. Tukalitoa kwa nusu saa, kwa kukata matawi na kuyalaza chini ya magurudumu na kulivuta kinyumenyume, kwa sababu mchanga wa nyuma ulikuwa umeshashindiliwa. Mita 400 mbele likazama tena. Safari hii tulishusha upepo wa matairi kutoka psi 30 hadi 18, na hapo ndipo lilipoanza kutembea kama kitu chenye akili. Tairi likilegea linatandaza mguu wake, halichimbi. Tungeshusha upepo wa vyombo vyote saba pale kwa mama wa viazi, ingetuchukua robo saa na pampu mbili za mkono. Nilikuwa nazo pampu hizo. Zote mbili zilikuwa kwenye guta langu, mwisho wa msafara.

Tukafika kwenye kisiki cha mninga saa 6:10 mchana. Njia inagawanyika. Ya kulia ni nyembamba, ya kushoto ni pana, imefunguliwa na malori. Na katikati ya njia panda hapakuwa na alama ya tairi hata moja, kwato tupu. Kundi la ng'ombe lilikuwa limekatiza. Baadaye tulipolinganisha saa na wale wa mbele tukaelewa: bajaji tatu za kwanza zilipita kulia kama saa 3:40, ng'ombe wakapita juu ya alama zao, na kijana akafika kama robo saa baadaye. Alikuta njia mbili, vumbi limetua, hakuna mtu, hakuna alama, simu haina mtandao. Akachagua ile pana. Niambie wewe dereva, ungechagua ipi?

Bajaji ya tano ikamfuata, kama ilivyopaswa. Katika kikao mwenye bajaji ya tano hakutozwa chochote. Alifuata msafara, walisema. Alimfuata nani?

Pale kwenye kisiki nilishuka nikatembea hatua kama 200 kila upande, hadi nje ya eneo la kwato. Kulia nikakuta alama nyingi za magurudumu matatu zilizopandana. Kushoto nikakuta za vyombo viwili, mistari ya magurudumu ya mbele ikionekana kando kando. Watatu kulia, wawili kushoto. Dereva wangu akasema, "Katibu, twende kulia, kule ndiko kwa babu, tukifika tutarudi na watu wa kuwatafuta." Lilikuwa wazo la heshima, na guta la chakula lilikuwa limechoka. Lakini wa kulia walikuwa wameshafika au wamekaribia kufika kwenye kisima cha mzee. Wa kushoto hawakuwa na chochote, na kila kilichokuwa mbele yao hakikujulikana. Maji niliyokalia yalikuwa yao. Tukaliacha guta la chakula kwenye kisiki, chombo kikubwa chekundu ambacho hakuna mtu angekipita bila kukiona, dumu moja la maji tukawaachia, na sisi tukashika kushoto.

Tuliwakuta saa nane. Njia ya malori ilikuwa imewatoa kwenye mchanga ikawaingiza mbugani, ule udongo mweusi ambao wakati wa masika ni tope na wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Baada ya mchanga, kijana aliona uwanja mgumu akafurahi, akaongeza mwendo kidogo, akauona ufa mpana akiwa amechelewa. Akakanyaga breki na kukata kona kwa wakati mmoja. Bajaji ikalala ubavu.

Hapa napo pana somo la pembetatu. Chombo chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma kimesimama juu ya pembetatu ambayo ncha yake iko mbele. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele, kule ambako pembetatu ni nyembamba. Ukikata kona wakati huohuo, uzito unakwenda pembeni, na pembeni hapo hapana kitu cha kuushikilia. Waundaji wa vyombo hivi wanalijua vizuri. Honda walianza kuuza pikipiki yao ya magurudumu matatu ya mchangani mwaka 1970, yenye matairi manene ya upepo mdogo sana, na Wamarekani wakaipenda kwenye jangwa lao. Mwaka 1988 mauzo yake mapya huko yakasitishwa kwa makubaliano na serikali, baada ya ajali nyingi na vifo. Zile za kisasa za lami ambazo wenye uwezo huko hutembea nazo kwa makundi jangwani, kama Can-Am Spyder iliyotoka 2007, zimegeuzwa: mawili mbele, moja nyuma, ili breki na kona zikikutana uzito ukute miguu miwili. Sisi tuna tulichonacho. Na kijana alikuwa na abiria wanne kasoro mmoja nyuma yake, yaani mzigo wa juu, kwa sababu tulimpakia aliyechelewa.

Yule dada aliyekaa ukingoni alitanguliza mkono. Uliteguka kwenye kifundo. Wengine michubuko. Watu saba, na maji yaliyobaki kwa wote yalikuwa nusu ya chupa ndogo, ambayo kijana alikuwa ameifunga kwenye khanga ya dada yule na kukataza mtu yeyote mwingine asiiguse. Alikuwa ameinua bajaji na wenzake, akaiegesha upande wa jua ili watu wakae kwenye kivuli chake, akazuia mtu asiondoke kwa miguu kutafuta msaada. Wawili walitaka kuondoka. Aliwaambia, "Alama zetu zinaonekana mpaka hapa. Mkiondoka, alama za nani zitafuatwa?" Ana miaka 23. Mimi nina 51, na nilikuwa sijafikiria alama hadi nilipozikosa.

Hakuna aliyesema hili kwenye kikao. Nami sikulisema. Nilikuwa naandika.

Sasa nitoe hukumu yangu kama mtu aliyekuwapo. Msafara haukuachwa na bajaji ya nne. Msafara ulishakatika kabla, na uliukata mpangilio wangu. Ujuzi wa njia uliwekwa kwenye kichwa kimoja, kikapelekwa mbele. Maji na pampu viliwekwa kwenye chombo kimoja, kikapelekwa nyuma. Waliobaki katikati hawakuwa na lolote, na ndio waliopatwa. Anayetembea kwa mwendo wa mwenye kasi kuliko wote atafika na wenye kasi peke yao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa ni Tabora. Nchi hii ya mashariki, kati yetu na Ugogo, wapagazi waliiita Mgunda Mkali kwa ukali wake na uhaba wa maji. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857, msimu uleule tuliosafiri sisi, na walifika Kazeh, Tabora ya wakati huo, mwanzoni mwa Novemba. Walivushwa na watu waliojua kutembea. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mbele, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo. Njia ikigawanyika, ile isiyotakiwa inalazwa tawi la mti au inakatwa mstari kwa mguu, ili wa nyuma hata akichelewa ajue. Penye umbali mrefu bila maji walikwenda kwa terekeza: wanakula na kujaza vibuyu mchana, wanaanza mwendo alasiri jua likipoa, wanalala njiani pakavu, na kesho yake mapema wanayafikia maji. Babu za babu zetu walikuwa na jibu la kila kitu kilichotupata kabla ya saa nane mchana siku ile. Tawi moja la mninga juu ya ile njia pana, na leo nisingekuwa naandika haya.

Tulifika kwa babu saa 11 jioni. Wale watatu wa mbele walikuwa wamekula asali na kulala usingizi chini ya mti. Mzee alipoelezwa hakufoka. Aliutazama mkono wa dada, akaufunga kwa kitambaa na vijiti viwili, akamuuliza dereva wa kwanza, "Mjukuu wangu, ulipofika kwenye kisiki uligeuka nyuma?" Akajibu, "Niligeuka, babu." "Ukaona nini?" "Vumbi." Mzee akanyamaza, akaenda kuchochea moto.

Tulilala hapo. Safari ya siku moja ikawa ya mbili. Asubuhi tuliondoka saa 11 na nusu, mchanga ukiwa bado una ubaridi na umeshikana kidogo. Guta la maji mbele, likiweka mwendo. Kila chombo kilikuwa na dumu lake dogo la lita tano na upepo wa 18. Bajaji ya nne nyuma yangu, abiria wawili. Katika kila njia panda tulisimama hadi wa mwisho aonekane kwa macho, na mara zote mbili aliyeshuka kulaza tawi alikuwa yule kijana, bila kutumwa. Tuligusa lami saa 2:40.

Kikao kingine ni Jumapili ijayo saa 9 alasiri, na nitaomba kijana arudishiwe faini yake. Najua nitakaloambiwa: pesa ile haipo tena, ilishalipia picha ya mkono na dawa za dada. Basi itoke kwenye mfuko. Na kama mfuko hautaki, kuna ukurasa uleule wa daftari, penye jina lake na neno "kuacha msafara". Chini yake nimeshaandika jina langu na 50,000.